Kununua Nyumba ya Kupangisha Tanga: Pango ni la Nyumba Kwanza

Msimu wa karafuu unapomalizika na fedha zikawa mkononi, baadhi ya wananchi wa Visiwani hufikiria kununua nyumba ya kupangisha upande wa Bara, ili wapate kipato katika miaka ambayo mikarafuu haizai. Somo la toleo hili linaeleza mambo yanayompasa mtu ayajue kabla ya kufanya hivyo kwa mara ya kwanza. Mfano wetu ni Mabawa, mojawapo ya kata za Jiji la Tanga. Tanga ni bandari ya Bara inayokabiliana na Pemba, jamaa za watu wa Pemba ni wengi huko, na Mabawa ni mahali pa makazi ya watu wa kipato cha kawaida ambapo kupangisha nyumba chumba kwa chumba ni desturi ya siku nyingi.

Ieleweke tangu mwanzo kwamba fedha zinazonunua nyumba ya aina hii aghalabu si za mtu mmoja. Huwa ni mavuno ya mama, kiinua mgongo cha baba na akiba ya kaka aliye safarini, zikakusanywa pamoja. Zikipotea, ukoo mzima hukaa miaka mingi kabla ya kupata nyingine. Kwa hiyo msomaji ana haki ya kuambiwa mambo kama yalivyo.

Jambo kuu la somo hili ni moja: pango ni mali ya nyumba kwanza, na linakuwa mali ya mwenye nyumba baada ya nyumba kuchukua haki yake. Katika maelezo yanayofuata neno "pango" litatumika kwa malipo ya mpangaji, ili lisichanganyike na kodi zinazolipwa Serikalini.

1. NYUMBA YENYEWE

Nyumba inayouzwa mara nyingi katika mitaa kama hii ni ile iitwayo nyumba ya Kiswahili. Mbele ina baraza. Mlango mkubwa unaingia katika ukumbi mrefu unaokata nyumba katikati, na kila upande wa ukumbi kuna vyumba vitatu. Ukumbi unatokea uani, ambako kuna jiko, choo, bafu na mahali pa maji. Na mara nyingi pana banda la uani lenye vyumba vingine viwili au vitatu.

Umbo hili lina faida kubwa kwa mwekezaji mdogo. Vyumba sita vina wapangaji sita, na mmoja akihama watano wanabaki. Mwenye nyumba ya kisasa iliyozungushiwa ukuta na kupangishwa kwa familia moja hukosa pango lote pindi familia hiyo inapoondoka.

Lakini umbo hilo hilo lina gharama zake. Choo kinachotumiwa na kaya sita hujaa upesi. Mita moja ya umeme na bomba moja la maji huzusha ugomvi wa nani ametumia zaidi. Ukumbi ni wa wote, kwa hiyo hakuna anayeona wajibu wa kuupaka rangi. Mnunuzi asihesabu milango ya vyumba pekee, ahesabu pia watu watakaotumia uwa ule.

2. WAPANGAJI NA HALI YA MJI

Pango hulipwa na watu wenye kazi, na kazi katika mji wa Tanga zimepanda na kushuka mara nyingi. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, mwaka ule ule mkonge ulipoletwa nchini. Kwa miongo mingi mji uliishi kwa zao hilo: mashamba, reli, bandari na maghala vilivuta vibarua na makarani kutoka kila upande, na watu hao walihitaji vyumba vya kulala. Mwaka 1964 Tanganyika ilizalisha zaidi ya tani 200,000 za mkonge. Baadaye kamba za nyuzi za plastiki zilishusha bei katika soko la dunia, na kufikia miaka ya 1990 uzalishaji wa mwaka ulikuwa chini ya tani 40,000. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza katika miaka ya 1970, nacho kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kazi zikipungua, wapangaji hupungua, na mwenye nyumba hulazimika kushusha pango au kukaa na vyumba vitupu.

Katika miaka ya karibuni mji umepata uhai mpya. Tanga ilipandishwa hadhi kuwa Jiji mwaka 2005. Bandari imepanuliwa, na bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima nchini Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, limepangwa kuishia Chongoleani, kaskazini ya mji. Habari za namna hii hupandisha bei za nyumba na viwanja. Hata hivyo, mwenye kuanza azingatie tofauti iliyopo baina ya watu wanaojenga kitu na watu wanaokiendesha kikishakamilika. Wajenzi huwa ni wengi, hukaa muda mfupi, kisha huondoka. Waendeshaji huwa ni wachache. Anayenunua nyumba kwa bei iliyopandishwa na wajenzi, akitarajia pango la wajenzi kwa miaka 20, anajenga juu ya mchanga.

Wapangaji wa kutegemewa ni wale ambao kazi zao hazitegemei mradi mmoja: walimu, wauguzi wa Hospitali ya Bombo, mafundi, wachuuzi wa soko, madereva na wanafunzi wa vyuo. Kabla ya kununua, mtu aulize wapangaji waliopo ndani ya nyumba wanafanya kazi gani na wamekaa muda gani. Nyumba yenye wapangaji wa miaka mitano ina thamani kuliko nyumba iliyopakwa rangi mpya na vyumba vyake vikawa vitupu.

3. SHERIA NI YA KULE NYUMBA ILIKO

Ardhi si jambo la Muungano. Zanzibar inatawaliwa na Sheria ya Umilikaji wa Ardhi Namba 12 ya mwaka 1992. Bara inatawaliwa na Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika mwaka 2001. Mzanzibari ni raia wa Tanzania, kwa hiyo chini ya sheria ya Bara hahesabiwi kuwa mgeni na anaweza kumilikishwa ardhi. Lakini atapaswa kufuata taratibu za Bara, na baadhi yake hazifanani na alizozizoea nyumbani.

Kwanza, ardhi yote ya Bara ni ya umma, imewekwa chini ya Rais kama mdhamini. Anachokinunua mtu ni nyumba pamoja na haki ya kukalia ardhi kwa muda uliowekwa, ambao aghalabu huwa miaka 33, 66 au 99. Mnunuzi asome katika hati muda umeanza lini na umebaki miaka mingapi. Hati ya miaka 33 iliyotolewa miaka 25 iliyopita si sawa na hati mpya, ingawa karatasi zake zinafanana.

Pili, si kila nyumba ina hati. Nyingine zina barua ya toleo, nyingine leseni ya makazi ya muda mfupi, na nyingine hazina ila karatasi ya mauziano iliyopigwa muhuri wa serikali ya mtaa. Muhuri huo una faida yake, kwani huonyesha kwamba majirani na viongozi wa mtaa wanamjua muuzaji. Hauhamishi miliki. Nyumba isiyo na hati hununuliwa kwa bei iliyo chini sana, au huachwa.

Tatu, makubaliano ya kuuza ardhi yasiyoandikwa hayana nguvu mbele ya mahakama. Ahadi ya mdomo iliyotolewa barazani, hata ikiwa mbele ya mashahidi waaminifu, haitoshi. Mkataba uandikwe na wakili, ulipiwe ushuru wa stempu, upate idhini ya mamlaka ya ardhi na usajiliwe. Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya kwanza, mnunuzi aombe upekuzi rasmi kwa Msajili wa Hati. Upekuzi ndio unaoonyesha jina la mmiliki aliyesajiliwa, na kama nyumba imewekwa rehani benki au imewekewa zuio. Deni la kodi ya ardhi nalo liulizwe, kwa sababu asiyeuliza hujikuta akidaiwa kodi ya miaka ambayo hakuwapo.

Nne, katika mji mkongwe kama Tanga yapo majengo ya Shirika la Nyumba la Taifa. Mwaka 1971 Serikali ilitwaa majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 na kuyaweka chini ya Msajili wa Majumba. Mwaka 1990 shughuli za Msajili ziliunganishwa na Shirika hilo, ambalo liliundwa mwaka 1962. Mpangaji wa jengo la Shirika anaweza kumwendea mgeni akimtaka kilemba ili ampishe. Mwenye kutoa kilemba hajanunua nyumba. Amenunua ufunguo wa nyumba ya mwingine, na hana haki ya kuipangisha.

4. MUUZAJI NI NANI

Hatari kubwa zaidi kwa mnunuzi kutoka mbali haitokani na mwizi asiyejulikana, bali na muuzaji halali ambaye si peke yake mwenye haki. Nyumba nyingi za zamani ni za urithi. Baba amefariki, hati ina jina lake bado, na mtoto mmoja aliyebaki ndani ya nyumba anataka kuuza. Huyo hana uwezo wa kuuza kwa nafsi yake. Mwenye uwezo ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, naye anauza kwa niaba ya warithi wote, walioko Tanga na walioko Muscat.

Hapa wananchi wa Visiwani waangalie sana. Zanzibar mirathi ya Waislamu hupelekwa Mahakama ya Kadhi, ambayo imeundwa kwa sheria. Bara hakuna Mahakama ya Kadhi yenye mamlaka ya namna hiyo. Msimamizi huteuliwa na mahakama za kawaida, zikianzia Mahakama ya Mwanzo. Karatasi ya kugawa mirathi iliyoandikwa na mzee wa ukoo au na shekhe, hata ikiwa sahihi kwa dini, haitoshi kuhamisha hati kwa Msajili.

Jambo jingine ni ndoa. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamzuia mume au mke kuuza nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Mnunuzi aombe ridhaa hiyo kwa maandishi. Mke akiambiwa kuwa yuko safarini, mnunuzi angoje arudi. Kuchelewa mwezi mmoja ni nafuu kuliko kesi ya miaka saba.

Mwisho, mnunuzi afike mwenyewe. Azungumze na majirani wa pande zote, aonyeshwe mipaka, akae kitako na wazee wa mtaa. Dalali hulipwa mauzo yanapokamilika, na kwa hiyo manufaa yake yako katika kukamilisha. Jirani hana manufaa hayo. Na yeye ndiye anayejua kama nyumba ina mgogoro.

5. KUIKAGUA NYUMBA

Nyumba ya pwani hukaguliwa wakati wa masika, baina ya Machi na Mei, si wakati wa kiangazi. Mvua ndiyo inayoonyesha bati lililotoboka, uwa unaotuama maji na choo kinachofurika. Asiyeweza kungoja masika atazame alama za maji ukutani, sehemu ya chini karibu na sakafu, na doa la kahawia kwenye dari.

Fundi mwaminifu, asiyeletwa na dalali, aangalie mambo haya: bati na misumari, kwani upepo wa bahari wenye chumvi huzila upesi, boriti na kenchi, kama zimeingiwa na mchwa, nyufa za kuta, khasa zile zinazoanzia kwenye msingi na kupanda kwa mshazari, nyaya za umeme, na shimo la choo, kina chake na njia ya gari la kunyonya kulifikia. Nyumba iliyozungukwa na nyumba nyingine pande zote, gari lisiweze kufika, itakuwa na tatizo la choo ambalo haliishi.

6. HESABU

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Tarakimu zinazofuata ni za mfano wa kufundishia tu, si bei za soko. Msomaji aweke za kwake mahali pake.

Tuseme nyumba ya vyumba sita inauzwa shilingi 30,000,000, na kila chumba hupangishwa shilingi 40,000 kwa mwezi. Mwenye haraka husema: vyumba 6 mara 40,000 ni 240,000 kwa mwezi, yaani 2,880,000 kwa mwaka, baada ya miaka 10 na miezi michache fedha zangu zimerudi. Sasa tuifanye hesabu upya kwa ukamilifu.

Bei si shilingi 30,000,000. Wakili, ushuru wa stempu, usajili, safari na matengenezo ya kwanza vinaweza kufikisha shilingi 5,000,000 zaidi. Fedha zilizoingia ni 35,000,000.

Pango nalo si 2,880,000. Wapangaji huhama, na wengine huchelewa au hukimbia na deni. Tukiondoa mwezi mmoja kwa kila chumba, shilingi 240,000, zinabaki 2,640,000. Kutokana na hizo nyumba inadai haki yake kwa mwaka:

Matengenezo: 480,000.
Kunyonya choo mara mbili: 160,000.
Kodi ya ardhi na kodi ya majengo: 60,000.
Ujira wa msimamizi, asilimia 10: 264,000.
Kodi ya mapato, tukikisia asilimia 10 ya pango: 264,000.
Jumla: 1,228,000.

Kinachobaki kwa mwenye nyumba ni shilingi 1,412,000 kwa mwaka, yaani takriban asilimia 4 ya fedha alizoziweka. Fedha hizo zitarudi baada ya karibu miaka 25, si 10. Na katika kila shilingi 100 alizopokea kwa wapangaji, karibu 47 hazikuwa zake hata kidogo; zilikuwa za nyumba.

Hesabu hii haisemi kwamba nyumba haifai kununuliwa. Ardhi ya mjini aghalabu hupanda thamani, nyumba hurithiwa, na pango huweza kupandishwa kadiri bei nyingine zinavyopanda. Inachosema ni kwamba atakayekopa kwa riba kubwa ili anunue nyumba ya namna hii, akitumaini pango lilipe mkopo, atashindwa. Vilevile inampa mnunuzi hoja ya kumpunguzia muuzaji bei. Na inampa kipimo cha kulinganisha: mwenye fedha asiye na nafasi ya kuvuka bahari mara kwa mara afikirie pia hati fungani za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu ya Tanzania, ambazo hazina paa la kuvuja wala mpangaji wa kukimbia.

7. MTEGO WA PANGO LA MBELE

Desturi ya Bara ni mpangaji kulipa miezi mitatu, sita au hata kumi na miwili kwa mkupuo. Kwa anayeanza, hili huonekana kuwa neema. Chumba kimoja kwa miezi sita ni shilingi 240,000, na vyumba vyote vikilipwa pamoja ni 1,440,000 kwa siku moja.

Fedha hizo bado hazijawa pango. Ni amana, na kila mwezi unapopita ndipo sehemu moja ya sita inapokuwa pango halali. Mwenye nyumba anayezitumia zote kwa harusi au ada ya skuli hujikuta mwezi wa nne choo kimejaa, wapangaji wanalalamika kwamba wamekwisha lipa, naye hana kitu. Hapo huanza kukopa, au huacha nyumba ichakae. Na nyumba ikichakaa wapangaji wazuri huondoka kwanza, wakabaki wasiolipa.

Dawa yake ni nyepesi, ingawa inahitaji moyo. Ifunguliwe akaunti ya benki kwa ajili ya nyumba peke yake. Pango lote liingie humo. Mwenye nyumba ajilipe kila mwezi sehemu yake tu, yaani zaidi kidogo ya nusu ya pango la mwezi huo, na inayobaki isiguswe ila kwa haja ya nyumba. Mwaka wa kwanza na wa pili ingefaa asijilipe kitu, ili akiba ifikie gharama ya kuezeka paa jipya. Ukoo ulioweka fedha pamoja uandikiane mapema nani ana fungu gani na nani anaruhusiwa kutoa fedha benki. Ndugu wengi waliopendana waligombana kwa sababu ya nyumba isiyokuwa na daftari.

8. MKATABA NA MPANGAJI

Zamani Bara ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Kodi za Pango ya mwaka 1984, iliyoweka mipaka juu ya kupandisha pango na kumtoa mpangaji. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo makubaliano ya pande mbili ndiyo yenye uzito, na kwa hiyo mkataba ulioandikwa umekuwa wa lazima zaidi kuliko zamani, hata kwa chumba kimoja.

Mkataba utaje majina na namba za vitambulisho. Chumba kipi na idadi ya watu watakaokaa. Kiasi cha pango na tarehe za kulipa. Nani analipa umeme na maji, na kwa mgawanyo gani. Nani anatengeneza nini. Notisi ya kuhama au kuhamishwa. Na namna ya kurejesha fedha za miezi isiyotumika. Pasipo muda uliotajwa, Sheria ya Ardhi huhesabu upangaji kwa kipindi ambacho pango hulipiwa, na notisi haipaswi kupungua kipindi hicho. Risiti itolewe kila malipo yanapofanyika, nakala ibaki.

Umeme ni chanzo kikubwa cha ugomvi. Mwaka 2021 Serikali ilianza kukusanya kodi ya majengo kupitia ununuzi wa umeme wa mita za LUKU. Maana yake ni kwamba mpangaji anaponunua umeme, sehemu ya fedha zake inalipa kodi ambayo ni wajibu wa mwenye nyumba. Mwenye nyumba mwadilifu humrudishia mpangaji fedha hizo au humpunguzia pango, na jambo hilo huandikwa katika mkataba. Ni kiasi kidogo, lakini mpangaji akijua kwamba hadhulumiwi katika kidogo, naye hulinda nyumba kama yake.

Mpangaji asipolipa, mwenye nyumba asichukue sheria mkononi. Kung'oa mlango, kuezua bati, kufunga maji au kutupa vyombo uani ni makosa yatakayomgeuza mdai kuwa mshitakiwa. Njia ni notisi ya maandishi, kisha usuluhishi, ambao ndiyo kazi iliyobakishiwa Baraza la Kata tangu mwaka 2021, kisha Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Ni njia ndefu. Kwa hiyo uteuzi wa mpangaji siku ya kwanza una thamani kuliko kesi ya mwaka mzima.

9. MSIMAMIZI

Mtu aliyeko Wete au Mkoani hawezi kusimamia uwa wa Mabawa kila wiki. Atahitaji msimamizi, na mara nyingi atamchagua jamaa. Si vibaya, ila jamaa naye alipwe. Msimamizi asiyelipwa hujilipa mwenyewe, na hakuna anayejua kiasi gani.

Apewe hati ya uwakilishi iliyoandikwa na wakili, yenye mipaka: apokee maombi ya wapangaji, asimamie mafundi, atoe notisi; asiwe na uwezo wa kuuza wala kuweka rehani. Wapangaji walipe moja kwa moja katika akaunti ya nyumba. Na mwenye nyumba avuke bahari angalau mara mbili kwa mwaka, moja ikiwa katika masika, afungue kila mlango kwa ruhusa ya mpangaji na asikilize malalamiko kwa masikio yake.

MUHTASARI

Kwa ufupi, mwananchi anayetaka kuanza anashauriwa afuate utaratibu huu: aende mwenyewe, afanye upekuzi kwa Msajili kabla ya kutoa malipo yoyote, ahakikishe ridhaa ya mwenza wa muuzaji na, ikiwa ni nyumba ya urithi, uteuzi wa msimamizi wa mirathi, amlete fundi wake, afanye hesabu ya kile kinachobaki, si ya kile kinachoingia, na asinunue kwa fedha zake zote, bali abakishe akiba ya matengenezo ya mwaka mmoja.

Asiyeweza kubakisha akiba hiyo hajawa tayari, na angoje msimu mwingine. Anayeweza, na akakubali kwamba pango ni la nyumba kwanza, atakuwa na mali itakayomlisha polepole, mwaka wa karafuu na mwaka usio wa karafuu, na ambayo watoto wake wataikuta imesimama.